Picha za watu katika kufundisha lugha: Hodi imebishwa kwa nani?

Katika mambo ambayo sisi walimu tumeyapokea bila ya kuyajadili sana ni hili la kufundisha lugha kwa kutumia picha zinazowekwa kwenye mtandao wa intaneti. Mwalimu anapiga picha kwa simu yake, anaiweka mahali ambapo walimu wenzake na wanafunzi wanaweza kuiona, anaandika chini yake neno la Kiarabu au la Kiingereza, na mwanafunzi aliyeko Tanga, Kigoma au Muscat anajifunza. Kwa kuangalia juu juu hakuna tatizo. Elimu inaenea, gharama ni ndogo, na watoto wanafurahi. Lakini nyingi kati ya picha hizo zina watu ndani yake, na mtu si kitu. Swali ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji, ni hili: uso wa mtu unapogeuzwa kuwa somo, nani mwenye haki ya kutoa idhini, na idhini hiyo inafika wapi?

Niseme mapema kuwa sikusudii kufungua upya mjadala wa hukumu ya picha yenyewe. Mjadala huo unajulikana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera kwa hoja kwamba mpigaji anazuia kivuli tu, haumbi. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye alielekea huko katika kitabu chake cha Halali na Haramu, na Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia akashikilia makatazo isipokuwa kwa dharura. Kila mmoja ana dalili zake, na asiyetumia picha kwa sababu ya dalili hizo simlaumu. Mimi nazungumza na wale ambao, kama mimi, wanazitumia. Maana wengi wetu tukishaambiwa jambo linajuzu tunadhani maswali yamekwisha. Kuuza na kununua pia kunajuzu, na bado fiqh ina milango mizima inayoeleza namna ya kuuza na kununua.

Nafundisha Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mji ulioko kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Anayepita kwa basi anaujua kwa jambo moja, nalo ni soko la mahindi. Msimu wa mavuno malori yanapanga foleni, magunia yanarundikwa, madalali wanapiga kelele, makuli wanabeba, na kina mama wanapepeta. Asubuhi nafundisha maarifa ya Uislamu, jioni nafundisha Kiarabu madrasa. Vitabu vya Kiarabu tunavyovitumia ni vizuri, sina ugomvi navyo, lakini picha zake ni za tufaha, zabibu, ngamia na theluji. Mtoto wa hapa hajaona theluji na huenda asiione. Anakariri neno bila ya kuwa na kitu cha kulitundikia.

Siku niliyowaonesha wanafunzi picha ya gunia la lumbesa likiwa juu ya mizani, darasa lilibadilika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Baba zao wanauza mahindi, na wanajua mnunuzi anavyolijaza gunia mpaka linashonwa kilemba juu, kisha analilipa kama gunia moja. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo mara kadhaa na bado lipo. Tukataja mizan, tukataja kayl ambayo ni kipimo, tukataja suq iliyotupa neno soko. Kutoka hapo tukaingia katika Surat al-Mutaffifin, ambako Allah (s.w.) anawaonya wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mwanafunzi mmoja akasema, "Ustadh, kumbe hii sura ni ya hapa sokoni." Sijapata kuona kitabu kutoka nje kilichoweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo mtu asinielewe kuwa napinga picha. Kufundisha kwa kuonesha ni jambo la asili katika dini yetu. Katika Surat al-Baqara tunaelezwa kuwa Nabii Adam (a.s.) alifundishwa majina, kisha vitu vyenyewe vikahudhurishwa mbele ya Malaika. Na Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwachorea Masahaba umbo la mraba, akapiga mstari katikati unaotoka nje yake na vistari vidogo pembeni, akawaeleza kwa mchoro huo habari ya mwanadamu, ajali yake iliyomzunguka, matumaini yake yanayopita mpaka wa umri wake, na misukosuko inayomsibu. Mwalimu anayeona aibu kuchora ubaoni hana sababu.

Wenzetu wanaofundisha Kiingereza walituwahi katika hili. Tovuti ya Flickr ilipoanzishwa nchini Canada mwaka 2004, haikukusudiwa kwa shule. Ilikuwa ya watu kuwekeana picha. Lakini walimu wa lugha waliona haraka kuwa inawafaa. Iliwezekana kuchora kisanduku juu ya sehemu ya picha na kuandika neno, kwa hiyo picha ya jikoni ikawa kamusi ya jikoni. Mwaka 2010 walimu wa Kiingereza wakaanzisha hazina yao ya pamoja, ELTpics, ambamo mwalimu wa nchi moja anaweka picha alizopiga mwenyewe na mwalimu wa nchi nyingine anazitumia bure kwa masharti yaliyoandikwa. Ni ushirikiano mzuri, na kwa kweli una harufu ya waqfu. Mtu anatoa alichonacho, wengine wananufaika. Ila waqfu una sharti linalojulikana na kila aliyesoma fiqh kidogo, kwamba mtu huweka waqfu mali yake, haweki ya jirani.

Hapo ndipo penye tatizo letu, na nitalieleza kwa tukio la hapa hapa.

Mwalimu mmoja wa Kiarabu kutoka mji mwingine, mtu mwema na mwenye bidii, alipita Kibaigwa msimu wa mahindi. Akapiga picha sokoni. Moja ilikuwa ya mfanyabiashara aliyesimama kando ya lori lake, nyingine ya mama mmoja aliyeinama na ungo, anapepeta mahindi yaliyomwagika chini wakati wa kupakia. Alikuwa anatayarisha somo la sifa, yaani maneno kama mrefu na mfupi, mpya na kuukuu. Chini ya picha ya kwanza akaandika kwa Kiarabu "mwanamume tajiri". Chini ya picha ya pili akaandika "imra'atun miskina". Akaziweka kwenye mkusanyo wa picha mtandaoni, na kutoka hapo zikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wanaojifunza Kiarabu. Kijana mkubwa wa mama yule yumo katika kundi mojawapo.

Kama angeandika kwa Kichina huenda mama asingejua. Lakini ni Kiarabu, na neno miskina halihitaji mkalimani kwa Mswahili. Kijana alimsomea mama yake, na mama akalisikia neno analolijua tangu utotoni. Akanifuata baada ya swala ya alasiri kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa Kiarabu anayemfahamu. Hakuja kwa hasira. Aliniuliza tu, "Ustadh, hivi huyo mwenzako aliniuliza nina nini nyumbani?" Kisha akaniambia kuwa kazi ile ya kupepeta ndiyo iliyomsomeshea watoto wawili hadi kidato cha nne, kwamba hajawahi kumwomba mtu, na kwamba mfanyabiashara wa kwenye picha ya kwanza anadaiwa na nusu ya soko. Hilo la mwisho nilijitahidi nisicheke.

Mwenzangu nilipomweleza alisikitika, akaiondoa picha kwenye mkusanyo wake. Kwenye makundi hakuweza kuiondoa. Lakini pia alinipa hoja ambayo nimeisikia kwa walimu wengi, na inastahiki kujibiwa kwa heshima. Alisema: soko ni mahali pa hadhara. Mama yule alikuwa nje, mbele ya mamia ya watu, na kila aliyepita alimwona. Mimi nimemwona kama walivyomwona wao. Faragha ipo nyumbani, haipo sokoni.

Tuitazame hoja hiyo. Ni kweli kuwa aya za kubisha hodi katika Surat an-Nur zinazungumzia nyumba. Lakini kwa nini hodi iliwekwa? Jibu tunalipata katika hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akiwa anakuna kichwa kwa kitana cha chuma. Alipojua, alimkemea vikali, kwamba lau angejua anachungulia angemchoma nacho jicho, na akaeleza kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Sababu iliyotajwa si ukuta wala bawaba za mlango. Ni kuona.

Tofauti ya mchunguliaji na mpita njia ni nini, basi? Wote wawili wana macho. Mpita njia anaonekana na yule anayemwona. Mama yule akiwa sokoni anamwona anayemtazama. Akipenda anavuta kanga yake, anageuka, anainua uso, anasalimia, au anamwambia "unatazama nini?" Kutazamana kwa sokoni kuna pande mbili. Mchunguliaji wa tunduni anaona bila ya kuonekana, na anayeonwa hana nafasi ya kujistahi kwa sababu hajui. Sasa picha iliyoko mtandaoni iko upande gani? Watu mia moja wa miji ambayo mama yule hajawahi kuisikia wanamtazama akiwa ameinama, na yeye yuko nyumbani anapika ugali. Hawezi kuvuta kanga. Ndiyo maana nasema picha ya namna hiyo haifanani na soko. Inafanana na tundu la mlango, tena tundu lisilozibika. Kuwa alikuwa hadharani kunampa mpita njia ruhusa ya kumwona, hakumpi mpiga picha ruhusa ya kumgawa.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya watu wa kijijini wasiojua teknolojia. Sivyo. Mwaka 2007 binti mmoja wa sekondari huko Dallas, Marekani, alipigwa picha na kiongozi wa vijana wa kanisa lao katika shughuli ya kawaida. Kiongozi yule akaiweka Flickr na kuchagua masharti yanayoruhusu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, ilimradi amtaje mpigaji. Kampuni ya simu ya Virgin Mobile nchini Australia ikaichukua, ikaitia kwenye matangazo ya barabarani, pamoja na maneno yanayomfanya binti aonekane kama rafiki wa barua ambaye sasa ni wa kuachwa. Binti na familia yake hawakujua mpaka picha ya tangazo ilipowafikia. Walikwenda mahakamani huko Texas, na mwaka 2009 shauri likaishia njiani kwa kuwa mahakama iliona haina mamlaka juu ya kampuni ya Australia. Zingatia hapa: mpigaji alitoa idhini, na kwa sharia ya hakimiliki idhini yake ilikuwa sahihi. Tatizo ni kuwa alitoa idhini ya kazi ya kamera yake. Uso haukuwa wake. Hodi ilibishwa, lakini ilibishwa kwa mtu asiye mwenye nyumba.

Na kama hilo ni dogo, mwaka 2019 ilifahamika kuwa kampuni ya IBM ilikusanya picha za nyuso zipatazo milioni moja kutoka Flickr, ikazipanga ili watafiti wazifundishie kompyuta kutambua sura za watu. Aliyeweka picha ya harusi ya dada yake hakujua kuwa anashiriki katika jambo hilo. Masharti ya wazi aliyoyachagua yaliruhusu. Dada hakuulizwa.

Wala sisi watu wa upwa na bara yetu hatukusubiri intaneti ili yatufike. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kulikuwa na maduka ya picha Unguja, la A.C. Gomes likiwa miongoni mwa yaliyovuma, yaliyopiga picha watu wa hapa zikachapwa kwenye kadi za posta. Wageni walizinunua na kuzituma Ulaya. Leo kadi hizo zinauzwa kwa wakusanyaji, na ukiziangalia, nyingi zina maandishi ya aina ya "mwanamke wa Kiswahili" au "mwenyeji wa Zanzibar". Jina halipo. Alikuwa bibi ya mtu, huenda wajukuu zake wanasoma gazeti hili, lakini kwenye kadi ni mfano wa kabila. Mwalimu anayempiga picha mama wa Kibaigwa na kumwandika "maskini" anafanya kazi ile ile, ingawa nia yake ni njema na yeye ni ndugu yetu katika imani.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo linatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko wapiga picha wengine wote. Mpiga picha wa kawaida anaonesha. Sisi tunaonesha na kutaja. Kazi yetu yote ni kubandika neno juu ya kitu, na neno linalobandikwa juu ya mtu ni hukumu. Ukiandika "mzee", "mnene", "mweusi", "mwenye huzuni", "mchafu", umehukumu. Tena umehukumu mbele ya wanafunzi ambao watalikariri neno hilo pamoja na sura hiyo, na hivyo ndivyo tunavyotaka, kwani tumechagua picha ili neno lisisahaulike. Surat al-Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli kabla hata haijafika kwenye kupelelezana na kusengenyana. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ghiba ni nini alieleza kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, na akaongeza kuwa kama analo jambo hilo ndiyo ghiba yenyewe, kama hana basi ni uzushi. Imam al-Ghazali katika Ihya akafafanua kuwa ghiba haiishii kwenye ulimi, bali huwa kwa ishara, kwa kuigiza mwendo wa mtu na kwa maandishi. Sijui kwa nini maandishi chini ya picha yatolewe humo kwa sababu tu yana irabu sahihi.

Neno maskini lenyewe, tukilichukua kielimu, ni zito kuliko mwenzangu alivyolifikiria. Katika Surat at-Tawba ni moja ya makundi manane yanayostahiki zaka, na wanazuoni wamekhitilafiana ni nani mwenye hali ngumu zaidi kati ya fakiri na maskini, Shafii wakisema hivi na Hanafi vile. Kadhi akitaka kumweka mtu katika kundi hilo anapaswa kuulizia hali yake. Mwalimu wetu alimweka kwa kuangalia mgongo ulioinama. Na Qur'an inawasifu wale wahitaji ambao asiyejua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hata kama mama yule angekuwa mhitaji kweli, sitara yake ilikuwa ni mali yake, pengine ndiyo mali kubwa aliyokuwa nayo siku ile.

Sasa mtu atasema, basi tuombe idhini, na mambo yaishe. Ni sawa, tuombe. Lakini idhini ya nani, na kwa kitu gani? Mwalimu akimwambia mwanafunzi wake "nikupige picha ya somo?", mwanafunzi gani atakataa? Adabu tuliyomfundisha inamzuia. Na ukimwomba mama aliyeko kazini, atasema "piga tu mwanangu", kwa kuwa anafikiri picha itakaa kwenye simu yako kama ile iliyotundikwa sebuleni kwake. Hakuidhinisha makundi ya WhatsApp, wala kompyuta za IBM, kwa sababu hajui kuwa vitu hivyo vipo. Katika biashara tunasema mauzo ya kitu kisichojulikana yana gharar. Idhini ya kitu kisichojulikana je?

Kwa watoto jambo linakuwa gumu zaidi, na hapa nazungumza na shule na madrasa zetu za mijini moja kwa moja. Fungua kurasa za mitandao za shule nyingi za Kiislamu na utaona watoto wakisoma Qur'an, wakizungumza Kiarabu, mabinti wadogo wakishika vibao vya maneno ya Kiingereza. Picha hizo zinaitwa za kufundishia, lakini tuseme ukweli, nyingi ni za kutafuta wanafunzi wapya. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Shule ya Roma iliyoko Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo hata asiyejali fiqh ana sababu ya kujali.

Lakini sheria hizo zinaishia kwenye idhini ya mzazi, na mimi nina wasiwasi kama hapo ndipo penye kuishia. Fiqh inatufundisha kuwa walii husimamia mali ya mtoto kwa maslaha ya mtoto. Anaweza kuiuza kwa faida, kuikuza, kumlipia ada kwa hiyo. Kuitoa bure kwa watu hawezi, kwa sababu kutoa bure ni haki ya mwenyewe akibaleghe na kupata akili ya kusimamia mambo yake. Na Surat an-Nisaa inamtaka msimamizi wa yatima, wakati ukifika, amkabidhi mali yake na aweke mashahidi. Uso wa mtoto si mali kwa maana ya vitabu vya fiqh, nalijua hilo. Hata hivyo mfanano uko wazi. Ukishaiweka picha mahali ambapo kila mtu anaweza kuinakili, umetoa kitu kisichorudi. Binti wa miaka saba akifika ishirini, avae niqabu kwa hiari yake, au aolewe, au awe hakimu, utamkabidhi nini?

Nimejaribu njia zangu hapa Kibaigwa. Napiga picha za vitu: mizani, gunia, ungo, jembe, sahani ya ugali na mlenda, ambayo ilituletea mjadala mrefu kama mlenda ni ndugu wa molokhia ya Wamisri. Mikono ikiwa kazini inatosha kwa vitenzi karibu vyote. Picha yenye uso, nikiwa nimeruhusiwa, inabaki darasani na haiwekwi mtandaoni. Na anayepigwa namwonesha neno kwanza. Yule mama nilimwuliza angependa aandikwe nini kama ingekuwa hiari yake. Akafikiri, akasema, "Andika anafanya kazi." Tukaandika kwa Kiarabu, ta'mal, bila ya picha, na wanafunzi wakaniletea sentensi za mama zao wanavyofanya kazi, tatu kati ya hizo zikiwa za kupepeta.

Najua kuna upungufu katika njia hiyo, na wanafunzi wangu ndio walionionesha. Mmoja aliniuliza kwa nini kwenye kitabu Waarabu wana sura na kwenye picha zetu watu wa Kibaigwa wana mikono tu. Swali lake ni la haki. Tukificha nyuso zote tutalea watoto wanaodhani kuwa Kiarabu ni lugha ya watu weupe wa kwenye kitabu, na kuwa mama zao hawafai kuonekana katika somo. Wapo wanaopendekeza tupige wanaume tu. Hilo silikubali, maana hapo tutakuwa na soko lisilo na wanawake, na yeyote aliyefika Kibaigwa anajua hilo ni uongo. Michoro imetusaidia kidogo. Kijana mmoja wa kidato cha pili anachora vizuri kuliko mimi, na mchoro wa mama anayepepeta unakuwa ni wa mama yeyote, haumfichui fulani. Kwa wale wenye rai kali zaidi kuhusu kuchora kuliko kamera, najua nimewapa tatizo jipya.

La watoto ndilo lililonizidi, na ningependa masheikh na wanafiqh wetu walishughulikie katika safu hizi badala ya kuwaachia wauza simu. Je, walii anaweza kuidhinisha kwa niaba ya mtoto jambo ambalo mtoto mwenyewe hataweza kulirudisha akibaleghe? Kama anaweza, ni kwa maslaha ya nani pale ambapo picha inaitangaza shule? Na kama hawezi, basi hizo picha zilizokwisha kuwekwa miaka yote hii, za watoto ambao baadhi yao sasa wana watoto wao, ni jukumu la nani kuwatafuta wenyewe na kuwauliza? Wallahu a'alam.